Kupima tezi za adrenali kwa mgonjwa mwenye amiloidosisi ya figo

Kwa walionitangulia katika kazi hii, shikamooni. Wenzangu wa kliniki za figo, wa vyumba vya kusafishia damu na wa maabara, habari za asubuhi.

Ninazungumzia kipimo ambacho kwenye karatasi ni chepesi sana: sindano moja ya kuzichochea tezi za adrenali, damu mara tatu, halafu unasubiri namba. Kwa mgonjwa mwenye amiloidosisi ya figo, kipimo hichohicho kinaweza kukuambia tezi zimekufa kumbe ziko salama. Kinaweza pia kukuambia ziko salama kumbe mgonjwa anakaribia kuanguka. Ndiyo maana muda mwingi nitautumia kwenye mambo yanayoipotosha namba, na muda mchache kwenye sindano yenyewe. Nina ombi moja ambalo nitalirudia mpaka mnichoke: damu ya kupima kortisoli, homoni ya adrenali inayoutegemeza mwili siku ya ugonjwa, isitolewe peke yake kwa mgonjwa huyu. Itolewe pamoja na ya ACTH, homoni ya tezi ya pituitari ya ubongoni inayoziamuru adrenali, na ya albumini, protini kuu ya damu, kwa mchomo uleule.

Tuanze na tezi. Amiloidi ni protini iliyokunjika vibaya, ikashikana kuwa nyuzi na kujazana nje ya seli. Katika aina ya AA malighafi yake ni SAA, protini ambayo ini huimwaga kwa wingi kwenye damu mwili unapopambana na ugonjwa usiokwisha: baridi yabisi, kifua kikuu, usaha wa mfupa, mirija ya mapafu iliyotanuka na kujaa makohozi, vidonda sugu, ukoma. Katika aina ya AL malighafi ni minyororo myepesi ya kingamwili kutoka seli za plazma zilizoasi kwenye uboho. Aina zote mbili hupenda figo, na wengi wenu mnakutana na mgonjwa huyu akiwa ameshavimba miguu na mkojo unatoa povu. Kipande cha figo kinapakwa rangi ya nyekundu ya Kongo, kinatazamwa chini ya mwanga uliochujwa, kinang'aa kijani, na jina la ugonjwa linaandikwa kwenye faili. Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia.

Tezi za adrenali zimekaa juu ya figo hizohizo, na katika aina ya AA zinavamiwa mara nyingi sana. Wapasuaji wa maiti waliliona hilo muda mrefu kabla ya vipimo vya homoni kuwapo. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 picha za nyuklia zilizobuniwa London, zinazotumia SAP, protini inayoshikamana na amiloidi, iliyotiwa iodini yenye mionzi, zimeonyesha amiloidi ndani ya tezi za watu walio hai. Lakini picha hizo hupatikana katika vituo vichache mno duniani, na zinakuonyesha amiloidi ilipo tu. Tezi inaweza kung'aa kwenye picha na bado ikafanya kazi ya kutosha, kwa sababu upungufu wa wazi hauonekani mpaka sehemu kubwa sana ya gamba la tezi iwe imeharibika. Vitabu hutaja karibu asilimia 90. Picha ya CT nayo isikufariji. Tezi zenye amiloidi zinaweza kuonekana za kawaida kabisa au zimenenepa kidogo. Na msifikirie kuzitoboa kutafuta kipande: mgonjwa wa AL anaweza kuwa amepungukiwa na kigandishi namba 10 cha damu, na kuvuja damu nyuma ya tumbo ni gharama kubwa kwa jibu ambalo sindano ya mkononi ingelitoa.

Kuna jambo moja kuhusu ramani ya tezi linaloelekeza dalili. Amiloidi hujaa zaidi kwenye tabaka za kati na za ndani za gamba, zinakotengenezwa kortisoli na homoni za androjeni. Tabaka la nje, la aldosteroni, homoni inayotunza chumvi na kutoa potasiamu, mara nyingi husalimika kwa muda mrefu. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kupungukiwa na kortisoli huku potasiamu ikiwa haina neno. Anayesubiri potasiamu ipande ndipo akumbuke tezi, atachelewa. Na ikipanda, kwa mgonjwa wa figo ina sababu kumi nyingine: figo yenyewe, dawa kama enalapril, losartan na spironolactone, hata heparini ya kwenye mashine ya kusafishia damu, ambayo hupunguza utengenezaji wa aldosteroni.

Basi tumpime nani? Uchovu, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukonda ni dalili za figo kushindwa na ni dalili za adrenali kushindwa, hazitenganishi chochote. Mnaojaza fomu ya kipimo kwa sababu ya uchovu tu mtawapima wote. Sisi tunaangalia zaidi presha. Mgonjwa aliyekuwa akimeza dawa tatu za presha, kisha zikafutwa moja moja kwa sababu presha "imetulia yenyewe", mtilieni shaka. Anayeanguka presha kila akiwa kwenye mashine, na mmeshapandisha uzito anaotakiwa kufikia baada ya kusafishwa bila mafanikio, mpimeni. Sukari inayoshuka bila insulini, sodiamu inayoshuka kwa mtu asiyetumia dawa za kukojosha, eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) zilizoongezeka kwa mtu mgonjwa sana ambaye ungetegemea ziwe zimepotea, zote hizo ni sababu. Na wapo wa kupimwa hata wasipolalamika: anayeandaliwa kwa upasuaji au kupandikizwa figo, anayetaka kuanzishiwa rifampisini ya kifua kikuu, na anayetaka kuanzishiwa thairoksini kwa sababu tezi ya shingo nayo imeingiwa na amiloidi. Hizo dawa mbili huharakisha matumizi ya kortisoli mwilini. Ukimpa thairoksini mtu asiye na akiba ya kortisoli, unamsukuma.

Weusi wa ngozi, ambao ACTH iliyopanda huuleta, una mtego kwetu. Vitabu vingi vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwa mtu mweusi, ufizi wenye madoa meusi unaweza kuwa wa kuzaliwa, na figo zikishindwa ngozi pia hukoza. Cha kutafuta ni mabadiliko: mikunjo ya viganja, vifundo vya vidole, makovu mapya yaliyopona na kuwa meusi kuliko ya zamani. Waulizeni ndugu, na waombeni picha ya kitambulisho ya miaka mitatu iliyopita.

Sasa orodha ya dawa, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mgonjwa wa baridi yabisi ana prednisoloni, steroidi inayozilaza tezi. Mgonjwa wa AL ana deksamethasoni kila wiki ndani ya matibabu yake. Hao wanajulikana, wameandikwa kwenye faili. Wasioandikwa ni wale wanaotumia krimu kali za kujichubua, zenye klobetasoli. Wanaomeza vidonge vya kunenepesha kutoka duka la dawa, ambavyo mara nyingi ni deksamethasoni. Waliochomwa sindano ya goti mwezi uliopita. Na wanaotumia dawa za VVU zenye ritonaviri huku wakivuta fluticasone ya pumu. Ritonaviri huzuia ini kuivunja fluticasone, nayo inajikusanya kwenye damu mpaka ubongo unaacha kutuma ACTH. Wote hao tezi zao zimelala kwa sababu ya dawa, na amiloidi inaweza kuwa imo au haimo. Msiulize "unatumia steroidi?" Ulizeni "unapaka nini, unavuta nini, umechomwa nini, na ya kuongeza mwili unatumia?"

Prednisoloni ina ubaya wa pili: mashine nyingi za maabara zinaihesabu kama kortisoli, kwa sababu kingamwili ya kipimo haiwezi kutofautisha vizuri molekuli mbili zinazofanana. Namba inatoka juu, daktari anaridhika. Haidrokotisoni yenyewe ndiyo kortisoli, kwa hiyo mashine haina kosa ikiihesabu. Deksamethasoni haihesabiwi, lakini inazilaza tezi. Kwa anayetumia haidrokotisoni, aache dozi ya jioni na ya asubuhi ya kipimo, apewe mara tu damu ya mwisho ikishatoka. Kwa prednisoloni, mwachie angalau saa 24 tangu dozi ya mwisho, na kama amekuwa akiitumia kwa miezi, msimwachishe ghafla ili tu mpate kipimo kizuri. Hali ikiwa hiyo ni salama zaidi kuahirisha kipimo na kumhesabu kuwa hana akiba. Maabara ikiwa na mashine ya kutenganisha na kupima uzito wa molekuli, tatizo hili la kuchanganya linaondoka, lakini tezi zilizolala zinabaki zimelala.

Vidonge vya mpango wa uzazi vyenye estrojeni huongeza protini inayobeba kortisoli na kuipandisha namba; vinatakiwa viwe vimeachwa kwa wiki 6. Na wenzangu wa maabara, angalieni bayotini. Wagonjwa wa dayalisisi hupewa vitamini za kundi B, wengine wananunua vidonge vya nywele na kucha vyenye dozi kubwa, na figo zikishindwa bayotini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kwenye baadhi ya mashine hupandisha kortisoli kwa uongo. Someni karatasi ya kitendanishi chenu mjue kiwango chake cha kuvumilia, msikisie.

Nifike kwenye mtego mkubwa kuliko yote, na huu hautokani na dawa, unatokana na figo yenyewe.

Sehemu kubwa ya kortisoli iliyomo kwenye damu, karibu asilimia 80, imepakiwa kwenye protini maalumu ya kubebea, nyingine imeshikwa na albumini, na kiasi kidogo tu, kama asilimia 5, kiko huru. Fikirieni daladala na abiria. Maabara inahesabu abiria wote, walio ndani ya gari na walioshuka, lakini kazi mjini inafanywa na walioshuka tu. Mgonjwa wa nefrotiki, yaani ambaye figo zake zinavujisha protini nyingi, anapoteza magari kwenye mkojo. Protini ya kubebea ni ndogo, inapita kwenye kichujio kilichotobolewa na amiloidi pamoja na albumini. Jumla inashuka, ilhali kortisoli huru, ile inayofanya kazi, inaweza kuwa kamili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa miaka 44, amiloidosisi ya AA kutokana na usaha wa mfupa, albumini gramu 16 kwa lita, protini kwenye mkojo gramu 9 kwa siku. Kortisoli ya saa mbili asubuhi ni nanomoli 190 kwa lita, na dakika 30 baada ya kuchochewa ni 385. Kwa mstari wa zamani wa kufaulu, 500, amefeli vibaya. Je, tumwanzishie haidrokotisoni maisha yake yote? Bila ACTH hamuwezi kujibu. Tezi ya pituitari haisomi jumla, inasoma kortisoli huru. Kama kortisoli huru ingekuwa imepungua kweli kwa sababu tezi zimejaa amiloidi, ACTH ingekuwa imepanda kupita mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida. Ikiwa ACTH yake imekaa katikati kabisa ya kiwango, na hatumii steroidi yoyote, na presha yake haina shida, kinachoelekea kuwa pungufu ni magari, abiria wapo. Ikiwa ACTH imepanda mara tatu, mama huyu hana akiba, mwanzishieni dawa. Namba za kortisoli ni zilezile katika hali zote mbili.

Kuna mlinganyo wa Coolens unaokadiria kortisoli huru kutokana na jumla na protini ya kubebea. Ni mzuri, kama maabara yenu inapima hiyo protini, na nyingi hazipimi. Kortisoli ya mate ni njia nyingine, kwa kuwa mate hubeba ile iliyo huru tu: mgonjwa anatafuna kipande maalumu cha pamba, kinafungwa, kinapelekwa. Shida zake kwa wagonjwa wetu ni za kimatendo. Ufizi unaotoka damu kwa sababu ya sumu za figo unachafua sampuli. Kidonge cha haidrokotisoni kilichoacha mabaki mdomoni kinaipandisha namba bila kiasi. Na mgonjwa wa AL ambaye tezi zake za mate zimejaa amiloidi anaweza kutafuna dakika kumi pamba ikatoka kavu.

Baada ya hayo, sindano. Nitaieleza taratibu kwa sababu makosa ya hapa ni madogo na hayaonekani kwenye majibu.

Kwa anayesafishwa damu, chagueni siku isiyo ya mashine, au mfanye kabla hajaunganishwa. Anzeni saa mbili hadi saa tatu asubuhi. Jibu la kuchochewa lingeweza kupatikana saa yoyote, lakini damu ya kwanza na ACTH yake husomeka vizuri asubuhi tu. Hana haja ya kufunga kula. Kanula iwekwe nyuma ya kiganja, mkono usio na fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine. Na hata kama bado hana fistula, mishipa ya kiwiko na ya mkono wa juu iacheni, atakuja kuihitaji. Adrenalini iwe karibu. Mzio wa dawa hii ni nadra, ila upo, na aliyewahi kupata mzio nayo asichomwe.

Damu ya kwanza: tyubu ya seramu kwa ajili ya kortisoli, albumini, sodiamu, potasiamu na kreatinini, glukosi kwenye tyubu yake, na tyubu ya zambarau kwa ajili ya ACTH. Hiyo ya zambarau inaingia kwenye barafu palepale kitandani. ACTH huvunjwa haraka na vimeng'enya vya damu, na chembe nyekundu zikipasuka ndiyo inapungua zaidi. Ipelekwe mbio, izungushwe kwenye sentrifuji baridi, plazma ihamishiwe kwenye kichupa cha plastiki na kugandishwa. ACTH iliyoachwa kwenye dirisha la mapokezi inaweza kutoka chini, na ACTH ya chini inamfanya daktari aseme tatizo liko kwenye ubongo au ni steroidi za siri, kumbe ni joto la Dar es Salaam. Kama hamna barafu wala friji ya kugandishia, ni afadhali msiitume sampuli hiyo; mtumeni mgonjwa kwenye maabara inayoweza.

Kisha Synacthen, yaani ACTH ya kutengenezwa inayozichochea tezi, mikrogramu 250, ambayo ni kichupa kimoja cha mililita 1. Hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyolala mezani wiki nzima itupeni. Tazameni kichupa vizuri kabla ya kuvunja shingo yake: ipo Synacthen ya kutolewa taratibu, yenye miligramu 1, ya maziwamaziwa, ambayo ni ya msuli tu na haifai kwa kipimo hiki. Ile sahihi ni maji safi. Ichomwe kwenye mshipa kwa dakika moja au mbili, kisha kanula isafishwe kwa saline. Kuchoma kwenye msuli kunakubalika na majibu ni yaleyale, lakini mgonjwa wa AL mwenye michubuko, au aliyetoka kwenye heparini, msimchome msuli.

Damu ya pili dakika ya 30, ya tatu dakika ya 60. Mnapotoa kwenye kanula, mililita 2 au 3 za kwanza zimwagwe, la sivyo mnapima saline. Na kwenye lebo iandikwe saa halisi ya kutoa. Ikiwa muuguzi aliitwa kwenye kitanda kingine akarudi dakika ya 41, aandike 41, hakuna dhambi. Kosa ni kuandika 30.

Kuna wanaopenda kutumia mikrogramu 1 badala ya 250 wakiamini inagundua upungufu mdogo. Siishauri. Inabidi kichupa kiyeyushwe mara 250 kwa mkono, dawa inanata kwenye mirija ya plastiki, na tezi za kawaida zinatoka na majibu mabaya. Jaribio la kushusha sukari kwa insulini nalo, kwa mtu ambaye figo zake haziiondoi insulini mwilini na moyo wake huenda una amiloidi, tuliache kabisa.

Kusoma majibu. Mstari uliozoeleka ni nanomoli 500 kwa lita, sawa na mikrogramu 18 kwa desilita, kwenye dakika ya 30 au 60. Kama maabara inatoa kwa mikrogramu, zidisheni kwa 27.6. Vipimo vipya vinavyoitambua kortisoli kwa usahihi zaidi vina mstari wa chini zaidi, karibu na 400 hadi 450 kwenye dakika ya 30, kutegemea mashine. Atakayetumia mstari wa 500 kwenye mashine mpya ataandika upungufu kwa watu wazima wa afya. Ulizeni maabara inatumia kitendanishi cha kizazi gani na mstari wake, muuandike kwenye fomu ya majibu.

Msisome kiasi cha kupanda. Zamani ilidaiwa ipande kwa 200 au zaidi. Sasa kinachotazamwa ni kilele. Damu ya kwanza iliyo chini ya 140 ikiwa na ACTH iliyozidi mara mbili ya kiwango ni upungufu wa tezi zenyewe, hata kabla ya kuchochea. Damu ya kwanza nzuri na kilele kibovu ndiyo sura ya kawaida ya amiloidi: mgonjwa anamudu siku ya kawaida, hana cha kuongeza siku ya homa. Huyo ndiye hukutwa amelala sakafuni siku ya pili baada ya upasuaji mdogo. Kilele kizuri nacho kina mwanya wake: ikiwa ACTH iliacha kuja wiki chache tu zilizopita, tezi hazijasinyaa bado, zitaitikia Synacthen kana kwamba hakuna kilichotokea.

Aldosteroni, na renini ya figo inayoichochea, pimeni mkiweza, ila kwa anayetumia enalapril au spironolactone hazina maana kubwa.

Kwa kituo kisicho na Synacthen, kortisoli ya saa mbili asubuhi bado inafanya kazi kwenye ncha zake mbili: chini ya 100, kwa mtu mwenye albumini ya kuridhisha na asiye na steroidi, ni upungufu mpaka ithibitishwe vinginevyo; zaidi ya 500, asiye na estrojeni wala prednisoloni, mnaweza kumwacha. Walio katikati ni wa kupewa rufaa.

Na hakuna namba yoyote kati ya hizi inayosubiriwa mgonjwa akiwa anazimia. Presha imeshuka, anatapika, sukari iko chini: toeni tyubu mbili, ya seramu na ya zambarau, kisha haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa dakika hiyohiyo, na baada yake miligramu 200 kwa saa 24. Mwongozo wa kawaida unasema lita moja ya saline ndani ya saa ya kwanza. Kwa asiyekojoa, au mwenye moyo wa amiloidi, mpeni mililita 250 kwa wakati, sikilizeni mapafu, kisha nyingine. Sodiamu ikiwa chini sana, iangalieni kila baada ya saa chache. Kortisoli ikirudi, figo iliyobaki na nguvu huanza kutoa maji kwa kasi na sodiamu inaruka. Isizidi kupanda milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24.

Atakayebaki kwenye dawa, haidrokotisoni miligramu 15 hadi 25 kwa siku, kubwa anapoamka: kwa mfano 10, 5 mchana, 5 saa kumi jioni. Haidrokotisoni ya vidonge isipopatikana, prednisoloni miligramu 3 hadi 5 asubuhi. Fludrokotisoni, dawa inayochukua nafasi ya aldosteroni, msiiandike kwa mazoea. Tabaka la nje la tezi mara nyingi lipo, na mgonjwa wa nefrotiki tayari amevimba. Akianza rifampisini, dozi ya haidrokotisoni iongezwe, mara nyingi mpaka mara mbili, tangu siku za mwanzo za dawa za kifua kikuu. Homa ikimpata, aongeze mara mbili au tatu mpaka ipone; akitapika kidonge mara mbili, aje kuchomwa, asijaribu cha tatu. Hayo ayabebe kwenye kadi, kwa Kiswahili, na nakala abaki nayo anayeishi naye.

Kutibu chanzo, yaani kuishusha SAA mpaka chini ya miligramu 10 kwa lita na ikiwezekana chini ya 4, kunaweza kuifanya amiloidi irudi nyuma polepole kwenye viungo. Tezi hazijaonyesha tabia ya kufufuka kwa urahisi, kwa hiyo msifute dawa kwa sababu protini ya mkojo imepungua. Aliyekuwa na majibu mazuri, kwa maoni yetu, arudiwe kila mwaka, au mapema presha yake ikibadilika. Aliyepandikizwa figo anafunikwa na prednisoloni ya kuzuia mwili usiikatae, na upungufu wake hauonekani kabisa mpaka timu ya upandikizaji inapoanza kuipunguza. Apimwe kabla ya kidonge cha mwisho, saa 24 baada ya dozi ya jana yake, na haidrokotisoni iwe tayari mezani siku hiyo.

Asanteni. Maswali, na tuanze na watu wa maabara.